Mgeni wa Siku ya Tatu

Limeletwa mbele ya darsa letu swali ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini tulipolifungua tuliona lina mlango nyuma ya mlango. Limeulizwa hivi: kijana wa kwetu pwani akipata masomo au kazi Machakos, akae vipi na watu wa huko? Ajitenge nao ili aihifadhi dini yake na mila ya wazee wake, au achanganyike nao hata asijulikane alikotoka? Na je, ataitwa mgeni mpaka lini?

Sisi twaona kwamba hilo la mwisho ndilo swali lenyewe, na hayo mengine ni matawi yake. Kwani mtu hawezi kuijua adabu ya ugeni bila ya kujua ugeni wakoma wapi.

Wazee wetu wametuachia maneno mawili juu ya jambo hili, na wengi wetu huyatumia bila ya kuyapatanisha. La kwanza ni mgeni njoo, mwenyeji apone. La pili ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hilo la pili tumezoea kulitaja kwa kicheko, tukikusudia kwamba mgeni amekwisha kutuchosha, na kwamba jembe ni njia ya adabu ya kumwonyesha njia. Hatudhani kuwa hiyo ndiyo maana yake. Atakaye mgeni aende zake humpa masurufu ya safari, hampi jembe. Jembe ni la kulimia, na kulima kwataka ardhi, na aliyepanda hungoja mvua na mavuno. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kuwa kesho pia yuko hapa, na mwezi ujao, na vuli ijayo. Na sharia yetu imekwenda njia iyo hiyo ilipoiweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo kikahesabiwa kuwa ni sadaka, na mgeni mwenyewe akakatazwa asikae hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Siku ya tatu hayakatiki mapenzi. Kinachokatika ni kuhudumiwa.

Basi na tuutazame mji wa Machakos, kwani khabari zake zafundisha mengi katika jambo hili. Hata jina lake ni kosa la ulimi wa mgeni. Wenyewe husema Masaku, nalo ni jina la mkubwa wa Kikamba aliyekaa pale. Wageni wakalisikia visivyo, wakaliandika walivyolisikia, likabaki. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala kabla ya serikali ilipoweka kituo chake pale mwishoni mwa miaka ya 1880, misafara ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kuijua njia hiyo. Mwaka 1892 alifika John Ainsworth kukisimamia kituo, na kwa miaka kadhaa hapo ndipo palipokuwa makao makubwa ya utawala wa bara. Pamoja na Waingereza wachache walipanda wapagazi, askari, wapishi na wafanya biashara wa kutoka mwambao, na sala ikasaliwa mahali ambapo adhana ilikuwa haijapata kusikiwa.

Kisha reli ikapita kando. Mwaka 1899 ilifika Nairobi, na ofisi zikahamia huko. Litafakari jambo hili, ndugu msomaji. Mtu aliyekuja Machakos kwa ajili ya ofisi hakuwa na sababu tena ya kukaa. Waliokwenda walikwenda, na aliyebaki alibaki kwa sababu nyingine: mke, au duka, au kishamba, au kaburi la mzazi. Kuanzia siku hiyo haikuwezekana tena kusema kwamba ameletwa na Mzungu. Alikuwa amechagua.

Lakini asidhani msomaji kwamba sisi ndio tuliotangulia kuwa wageni wao. Wao ndio waliotangulia kuwa wageni wetu. Kabla ya misafara ya pwani haijapanda bara, Wakamba ndio waliokuwa wakishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa. Biashara hiyo haikugeuka kuwa ya watu wa pwani wanaopanda bara ila katikati ya karne ya kumi na tisa. Ludwig Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa Rabai, alipokwenda Ukambani mwaka 1849 alifikia kwa Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa Kitui, na Kivoi alikuwa mzoefu wa njia ya pwani. Na kabla ya hapo, njaa ya miaka ya 1830 iliwashusha Wakamba wengi, wakafanya maskani karibu na Rabai na kwa Wagiriama na Wadigo. Wala Wakamba nao hawakuchipuka katika ardhi ya Machakos. Wenyewe husimulia kwamba walitoka upande wa Kilimanjaro wakafika milima ya Mbooni, na kutoka Mbooni wakaenea. Mwenye kutafuta mwenyeji wa asili atabisha mlango baada ya mlango, na kila atakapofunguliwa atamkuta mtu ambaye babu yake naye alibisha.

Kwa hiyo wingi wa miaka si kipimo. Wapo watu waliokaa mahali miaka sitini nao ni wageni, na wapo waliokaa mitano wakawa wenyeji. Kipimo ni nini, basi?

Mbele ya mji wa Kikamba wa zamani palikuwa na uwanja uitwao thome, ambapo wanaume waliota moto jioni wakazungumza, na mashauri ya jirani na jirani yakapatanishwa. Mgeni alipokewa hapo. Ilikuwako pia, na ipo hata leo, desturi ya mwethya, yaani majirani kukusanyika wakafanya kazi ya mmoja wao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Sisi twaona kwamba mambo haya mawili yamebeba jawabu nzima. Katika mwethya mtu hupewa jembe, na katika thome hupewa kiti. Mwenye jembe bila kiti ni kibarua, kwani hutumikishwa wala haulizwi rai. Mwenye kiti bila jembe ni mzigo juu ya watu, hata awe na maneno matamu kama asali.

Na jembe la Machakos si mfano wa maneno tu. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali waliiandika wilaya ile kuwa ni nchi inayokufa, udongo wake ukichukuliwa na mvua. Kufikia mwaka 1989 watu wake walikuwa wamezidi mara tano na zaidi, na milima iliyokuwa tupu imezungukwa na matuta, ambayo mengi yalichimbwa na wanawake katika mwethya. Aina moja ya matuta hayo huchimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, nayo huitwa fanya juu, na jina hilo limeingia katika vitabu vya kilimo vya mataifa ya mbali. Zingatia kuwa hilo ni jina la Kiswahili. Katika nchi ya Kikamba, kazi iliyoiokoa ardhi yajulikana kwa maneno yetu, wala hakuna Mkamba anayeyaona maneno hayo kuwa ni mageni. Yalipewa jembe, yakafanya kazi, yakakaa.

Je, wenye maneno hayo walikaa hivyo hivyo? Wengine, naam. Lakini yatupasa kusema kweli kwamba katika miji mingi ya bara watu wa pwani walijifungia katika mtaa wao, wakawatazama wenyeji kuwa ni washenzi mpaka wasilimu. Na Mkamba aliposilimu, watu wa pande zote mbili walisema kuwa amekuwa Mswahili. Akavishwa kanzu, akabadilishiwa jina, akafundishwa namna ya kula na ya kuketi, hata jamaa zake wakamwona kuwa amewahama hali yu pale pale kwao. Twauliza: huyo alilinganiwa kwa Mwenyezi Mungu, au alilinganiwa kwa watu wa Mombasa? Kitabu chetu chaeleza kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mtu hajui ila kilicho mbali na nafsi yake. Dini haikumtaka Mkamba aache Ukamba wake ndipo asali. Kumfanya mtu mgeni katika nchi ya mama yake, kisha kuhesabu hilo kuwa ni thawabu, ni jambo la kuogopesha.

Hapo ndipo tunapomjibu kijana wetu. Waislamu wa kwanza walipohamia Habasha, yapata mwaka 615, walikaa chini ya mfalme Mkristo. Hawakuiacha dini yao, wala hawakumkhini mwenyeji wao. Na walipohamia Madina, Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu mmoja mmoja na wenyeji. Saad bin Rabii akamwambia ndugu yake mpya, Abdurrahman bin Auf, kuwa achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali hiyo, kisha akataka aonyeshwe sokoni ni wapi. Akaanza na samli na jibini, na haukupita muda ila akaja na khabari ya kuwa ameoa. Watu humsifu Abdurrahman kwa kutochukua, na ni haki yake kusifiwa. Lakini twawaomba wamtazame Saad pia. Alitoa kabla ya kuombwa, na alipokataliwa nusu ya mali hakuona haya kumwonyesha mgeni soko, ingawa aliyeonyeshwa soko leo aweza kesho kuwa tajiri kuliko aliyemwonyesha. Kijana na aende Machakos kwa nia ya Abdurrahman. Ajifunze Kikamba, wala asitosheke na salamu. Aseme wazi kile asichokila na asichokinywa, bila ya kukunja uso. Jirani akifiwa, awe miongoni mwa wabebao maji na kuni.

Ama mwenyeji, yeye naye adaiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 39, yampa kila raia haki ya kuingia na kukaa popote nchini. Na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziwe za watu wasiokuwa wa kabila kubwa la kaunti ile. Sheria hizi ni njema. Lakini sheria yaweza kumpa mtu jembe; kiti cha thome haiwezi, kwani hicho hutolewa na majirani.

Sasa tugeuze uso tujitazame sisi. Mwaka 1938, serikali ya Kiingereza ilipoinyang'anya Machakos ng'ombe wake kwa kisingizio cha kuihifadhi ardhi, maelfu ya Wakamba walikwenda kwa miguu hadi Nairobi kumlalamikia gavana, na kiongozi wao Muindi Mbingu akakamatwa, akahamishiwa Lamu. Mtu wa milima ya Iveti akafanywa mgeni wa kisiwani kwa nguvu, kwa kosa la kuwatetea watu wake. Wangapi katika sisi tunaomtaja, tukihesabu watu waliopita katika mji ule mtukufu?

Na liko la karibu zaidi, nalo ni chungu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walikivamia kituo cha polisi cha Likoni wakaua askari, kisha wakazigeukia nyumba za watu wa bara. Katika majuma yaliyofuata waliuawa watu wapatao mia, na makumi ya maelfu wakakimbia, Wakamba wakiwa miongoni mwao. Ni kweli kwamba siasa za uchaguzi wa mwaka ule ziliuwasha moto. Ni kweli pia kwamba watu wa pwani wana madai ya haki juu ya ardhi, kwani wengi wao ni maskwota katika nchi ya babu zao, hali wengine wamepewa hati na wakubwa waliokaa mbali. Na mgeni aliyekabidhiwa shamba la mwenyeji bila ya mwenyeji kuulizwa hakupewa jembe na mwenye haki ya kulitoa. Lakini yule muuza mboga wa Likoni hakuandika hati hizo. Aliulizwa jina, na jina likatosha.

Sisi husononeka tukisikia kwamba Mwislamu wa Machakos wa kizazi cha nne bado huambiwa arudi kwao pwani. Twasema ni dhuluma, na ni dhuluma kweli. Na papo hapo twamwita mbara mtu aliyezaliwa Changamwe.

Hoja tunayoisikia sana ni ya mazishi. Husemwa kwamba Mkamba wa Mombasa akifa jamaa zake huchanga, wakaichukua maiti kwa njia ya Nairobi hadi shamba la baba yake, basi huyu hakutaka kamwe kuwa wa hapa. Sisi Waislamu huzikwa tunapofia, siku ile ile ikiwezekana, na kwa hiyo makaburi ya watu wetu yako Machakos wala hayakurudishwa pwani. Desturi ni mbili, na kila moja ina heshima yake. Ila hatuoni kwamba desturi ya maiti ni ushahidi juu ya moyo wa aliye hai. Isitoshe, hoja hiyo yaanguka yenyewe kwa Wakamba waliosilimu. Wao huzikwa hapa hapa, pamoja na wazee wetu. Tumewasalia, na watoto wao wako katika madarasa yetu, wengine wakisoma vizuri kuliko wetu.

Mwaka huu tumeulizwa mara mbili, na watu wawili mbalimbali, kama yajuzu mmoja wao kuingia katika kamati ya msikiti. Tuliwauliza nao: mmepata kuuliza hivyo juu ya mtu mwingine yeyote? Wakanyamaza. Nafasi katika kamati hiyo bado iko wazi.