Uta Ulio Bora kwa Mwindaji ni Upi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wa pwani wanaokwenda Mpanda kwa biashara huletewa nyama ya mawindo, na huwasikia watu wakishindana juu ya mata: upi una mti mgumu, upi upote wake haulegei, upi hupeleka mshale mbali. Jambo hili lina jibu la fundi na lina jibu la sharia. Mwenye kulijua la kwanza tu huenda akala haramu naye adhani amekula riziki.

Fundi husifu nguvu. Wata wa nchi ya Tsavo, waliokuwa wakileta pembe pwani, walikuwa na uta ambao kuuvuta hutaka nguvu ipitayo ratili 100, na kwa huo waliangusha ndovu. Lakini aliyeua hakuwa uta peke yake. Chembe ilipakwa sumu ya mti wa mchungu, na sumu ndiyo iliyomaliza kazi. Wahadzabe wa ziwa Eyasi nao wana mshale wa chuma wenye sumu kwa mnyama mkubwa, na mshale wa mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo.

Sasa tutazame sharia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha Adiyy bin Hatim ya kuwa mnyama aliyechomwa kwa makali huliwa, na aliyekufa kwa kupigwa na ubavu wa silaha haliwi. Basi nguvu ya uta ina fadhila, kwani ndiyo iingizayo makali. Ama sumu, wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema ikiwa imesaidia kuua, nyama si halali, hata kama haimdhuru mlaji. Ila mnyama akikutwa yu hai uhai uliothibiti, akachinjwa. Na mnyama aliyejeruhiwa akapotea machoni, kisha akaonekana amekufa, Imamu Nawawi katika Minhaji ameitia nguvu kauli ya kuharimisha. Basi ule umbali ajisifiao mpigaji ndio umtiao mlaji katika shaka.

Mtu atasema: pasipo sumu, maskini hampati pofu, na watoto watalala na njaa. Twamjibu: na apige mnyama ambaye uta wake wamuweza, asogee karibu, awahi kuchinja. Dharura ina hukumu yake, wala kuuza nyama sokoni si dharura. Tena Katavi ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1974. Aingiaye humo kuwinda kwa siri ametia mkono katika amana ya watu wote, hata mshale wake uwe safi namna gani.

Basi, ewe mnunuzi, kabla ya kutoa fedha uliza: nani aliyepiga, je, ni katika wale ambao kichinjo chao huliwa? Alipiga kwa nini? Alimkuta hai? Asiyeweza kujibu, mwachie nyama yake. Na uta ulio bora ni ule ambao mwenyewe aweza kuyajibu haya bila ya kusema uongo.

Wallahu aalam.