Taa ya Khalifa na Ruta ya Karani

Ruta ya bei nafuu haizidi sahani ya chai kwa ukubwa. Ina antena mbili, taa ndogo za kijani, na matundu matano nyuma: manne ya rangi moja, la tano la rangi yake. Tumfikirie karani wa ofisi moja ya umma mjini Mpanda. Ni wa kubuni, ingawa wasomaji wengi watahisi wanamfahamu. Ameinunua ruta kwa hela yake, ameileta Jumatatu asubuhi kwenye begi la mgongoni, amechomoa waya wa kompyuta yake na kuuchomeka humo. Dakika tano baadaye chumba kizima kina waifai, na wenzake wanamshukuru.

Je, amekosa?

Afisa Tehama atasema amekosa, wala hatafikiri mara mbili. Lakini kosa lenyewe liko wapi? Hajaiba, amechangia. Nia yake ilikuwa njema: simu yake ya kazi haishiki mtandao, na meza ya mwenzake haina tundu la waya ukutani. Isitoshe, huku ni Mpanda, mwisho wa reli. Tawi la kutoka Kaliua lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, na treni ikifika hapa haina pa kuendelea. Mkoa wa Katavi wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 tu, na kwa miaka mingi umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli kwa sababu gridi ya taifa ilikuwa haijafika. Mtumishi wa huku amezoea kujitafutia: maji ya akiba, tochi, bando. Ruta kwake ni hatua nyingine ya njia ileile.

Kuna simulizi mashuhuri miongoni mwa Waislamu kuhusu Omar bin Abdul-Aziz, khalifa wa Bani Umayya aliyetawala kuanzia 717 hadi 720. Inasimuliwa kwamba alikuwa akifanya kazi za dola usiku kwa taa iliyolipiwa mafuta na hazina ya umma. Mgeni alipoyageukia mambo ya binafsi, khalifa aliizima taa ile na kuwasha yake. Wahubiri huitumia kuwasuta wanaopeleka watoto shule kwa gari la serikali. Watanzania wa umri fulani hawakuhitaji kwenda Damascus, mji mkuu wa Bani Umayya, kuupata ujumbe huo, maana ahadi za mwanachama wa TANU ziliwafundisha kwamba cheo ni dhamana.

Karani wetu ameigeuza simulizi hiyo kichwa chini. Yeye ameleta taa yake kuangazia kazi ya umma. Kwa mizani ya khalifa, je, hastahili sifa maradufu?

Angestahili, kama ruta ingekuwa taa tu. Lakini taa hii inanyonya mafuta kutoka pipa la ofisi. Na kuna zaidi: haiishii kuangaza, inagawa pia ruhusa ya kuingia.

Ruta nyingi za nyumbani huja zikiwa tayari kugawa anwani. Kompyuta ikiwaka huuliza mtandaoni: nitumie anwani gani, na mlango wa kutokea ni upi? Ofisini mjibuji ni mmoja. Waya ukichomekwa kwenye mojawapo ya yale matundu manne, badala ya la tano, wajibuji wanakuwa wawili, na kompyuta humshika aliyewahi. Hapo mhasibu wa chumba cha pili anaweza kupewa njia isiyofika popote. Malipo yanakwama, na lawama anabebeshwa mkandarasi wa mtandao aliyeko mbali. Waya ukiingia tundu la tano mambo hutulia, lakini kwa utulivu wa namna nyingine. Ruta sasa inawafunika wote walio nyuma yake: simu kumi na kompyuta tatu hutoka nje kwa anwani moja. Mbinu hiyo, iliyoelezwa rasmi mwaka 1994, ilibuniwa kwa sababu anwani za intaneti zilikuwa zinaelekea kwisha. Haikukusudiwa kuwaficha watu, lakini inawaficha. Likitokea ovu, kumbukumbu za ofisi zitaonyesha mlango mmoja na hazitasema aliyepita ni nani.

Hapo ndipo maneno mawili ya Kiswahili, yote yenye asili ya Kiarabu, yanapofaa kuliko kanuni yoyote ya Tehama: amana na dhamana. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, aliyekabidhiwa amana halipi ikipotea bila uzembe wake. Akivuka mipaka aliyowekewa, au akizembea, mkono wake unageuka kuwa mkono wa dhamana na fidia inamhusu, hata kama alitamani mema. Nia ina uzito mkubwa mbele ya Mungu, na si bure kwamba hadithi inayofungua mkusanyiko wa Imam Bukhari ni ya nia. Ila nia hailipi deni la mali ya mtu iliyopotea.

Na ofisini amana si waya. Amana ni majina ya wagonjwa, mishahara, migogoro ya viwanja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali, na pia anayesababisha uingiliwe. Karani hakukusudia hilo. Lakini mawimbi ya waifai hayasimami kwenye tofali. Yanafika barazani, yanavuka hadi kwa mama ntilie.

Kuna jambo ambalo miongozo ya usalama wa mitandao hailigusi sana, nalo ni ukarimu. Mwenzako akikuomba paswadi utamnyima kwa uso gani? Kunyima ni uchoyo, na mchoyo hakai vizuri na watu. Kwa hiyo paswadi inatoka kwa dereva, kwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa mlinzi anayekesha getini, na kwa mgeni aliyekuja kufuatilia barua. Kila tendo, likitazamwa peke yake, ni jema. Lakini karani anakirimu kwa chakula cha jikoni kwa watu, na waliokikabidhi hawajui kuwa kinagawiwa. Hapa ndipo moyo wake mzuri unapokuwa hatari kuliko ubaya wa wengine, kwa sababu mbaya angalau angefunga mlango nyuma yake.

Mlango wa namna hiyo umewahi kugharimu. Januari 2007 kampuni ya maduka ya TJX ya Marekani ilitangaza kuwa imevamiwa. Namba za kadi za benki zaidi ya milioni 45 zilikuwa zimechukuliwa, na wavamizi walikuwa wameanzia kwenye waifai dhaifu ya duka. Waifai ile ilikuwa ya kampuni yenyewe. Ruta ya karani, hata Afisa Tehama hajui kwamba ipo.

Hata hivyo, kanuni nayo isifanywe sanamu. Mwanateolojia Thoma wa Akwino, aliyefariki 1274, alitoa mfano wa lango. Mji umezingirwa, sheria inasema malango yasifunguliwe. Nje kuna watetezi wa mji wanakimbizwa na adui. Wafungulieni, alisema, kwa maana sheria iliwekwa kuuokoa mji. Lakini aliongeza sharti ambalo wapenda njia za mkato hulisahau: kama hatari si ya ghafla, kuamua sheria inataka nini si kazi ya kila mtu; aulizwe mwenye mamlaka.

Waifai isiyofika meza ya kona si adui anayekimbiza watu langoni. Inasubiri barua.

Tatizo ni pale barua inaposubiri nayo. Ofisi inayokaa miezi bila kujibu ombi la tundu moja la waya inawafundisha watumishi wake kujifungulia lango, na sehemu ya kosa ni yake. Njia ya kati ipo: Inyonga, wilayani Mlele, warina asali hutundika mizinga yao kwenye misitu ambayo si mali yao. Mzinga ni wa mtu, maua ni ya wote, na mpango huo umedumu kwa sababu kuna vibali na wenzako wanajua mizinga yako iko wapi. Kinachotia hofu ni moto wa kurinia, ambao ukimtoka mtu mkononi haubagui miti. Afisa Tehama angeweza kuweka utaratibu kama huo wa vibali: aisajili ruta, aizime kazi ya kugawa anwani, aiwekee paswadi anayoijua yeye, aibandike jina la mwenyewe. Au aikatae, na aseme kwa nini.

Saa tatu usiku ofisi imefungwa. Karani yuko nyumbani. Ndani, juu ya kabati la mafaili, taa za kijani zinapepesa, na nje getini mlinzi anatazama mpira kwenye simu yake, picha ikiwa safi kabisa.