Mchanga wa Kuazima

Mimi na mchumba wangu tulitaka kufungia ndoa ufukweni, hapa Musoma, si mbali na Mukendo nilikokulia. Viti vyeupe, maua, na Ziwa Victoria nyuma yetu jua likizama. Kamati ya harusi ikapitisha. Kikabaki kikwazo kimoja: dagaa.

Mwalo tuliouchagua ndipo akina mama wanapoanika dagaa. Mjumbe mmoja akapendekeza tuwalipe pato la siku moja, watupishe. Nikaona ni haki, anayelipa hadhulumu. Mama akaniuliza, "Na wakikataa, mwanangu?" Nikakosa jibu. Bajeti yetu ilikuwa na fungu la fidia, lakini haikuwa na nafasi ya wao kusema hapana. Malipo yasiyokubali kukataliwa yana tofauti gani na amri?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kisheria, sote pale ni wapita njia. Ila wao hupita kila asubuhi, sisi mara moja tu.

Tukaenda kuwauliza. Mmoja akacheka: "Si mngoje mbalamwezi?" Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, na mchanga hubaki mtupu.

Tumesogeza tarehe. Akina mama wale tumewapelekea kadi za mwaliko, zisizodai mchango. Nao wanaweza kukataa.