Kumsomea Mtoto Asiyesikia
(Marko 7:31–37)



Neno lile la Efatha twalijua, tena twapenda kulihubiri. Walakini twapita upesi mno juu ya yale Bwana aliyoyafanya kabla ya kulitamka. Alimtoa yule kiziwi penye watu wengi, akatia vidole masikioni mwake, akagusa ulimi wake, akatazama mbinguni. Mtu yule hakuweza kusikia. Basi Bwana alisema naye kwa mambo awezayo kuyaona na kuyagusa. Masikio yake yalikuwa bado kufunguliwa, naye amekwisha kuambiwa.

Sasa tuziangalie nyumba zetu. Jioni baba asoma, watoto waitikia. Yule asiyesikia akaa kando. Wenzake wakifumba macho, naye afumba. Wakicheka kwa hadithi, naye acheka, asijue wachekacho. Watoto viziwi walio wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia, hata mtoto aweza kuwa mgeni nyumbani mwa baba yake. Nasi twasema, Atajifunza shuleni. Naam, shule ziko. Kanisa letu linayo shule ya viziwi huko Mwanga, Kilimanjaro. Lakini lugha haingoji shule. Miaka ile ya kwanza, mtoto angali mikononi mwa mama yake, ndiyo akili iitafutayo.

Mwaka 1520 Martin Luther aliandika habari za viziwi na Meza ya Bwana. Wako waliotaka kuwapa mkate usiobarikiwa, ili waridhike tu. Luther alilikataa jambo hilo, kwa kuwa ni dhihaka, wala halimpendezi Mungu aliyewafanya kuwa Wakristo kama sisi. Basi mtoto akipewa kitabu atazame picha tu, na nduguze wakipewa hadithi yenyewe, je! huo si mkate usiobarikiwa?

Walimu wa Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington, Marekani, waliwatazama wazazi viziwi jinsi wawasomeavyo watoto wao viziwi, wakawafundisha wengine njia hiyo. Keti mahali mtoto aonapo kitabu, uso wako na mikono yako. Taa isiwe nyuma yako. Mwache kwanza aitazame picha, kisha ngoja mpaka akutazame wewe, maana macho hayawezi kutazama pawili. (Hili latushinda sisi wenye haraka.) Ndipo umweleze kwa lugha ya alama, na kwa uso pia: simba awe simba, mwenye huzuni awe na huzuni. Mwonyeshe na neno lililoandikwa. Akitaka hadithi ile ile mara kumi, mpe mara kumi.

Mimi nami nalidhani zamani ya kuwa yatosha kupaza sauti na kufumbua kinywa sana. Mtoto hakuona ila midomo ikichezacheza.

Enyi waalimu wa dini, mzurupo nyumba hizo, waulizeni wazazi, Mtoto huyu mwamwambiaje habari za Yesu? Wasipojua, msiwakemee. Mtafuteni kiziwi mtu mzima usharikani, mwende naye jioni moja, aketi karibu na taa na kile kitabu, nanyi mketi upande wa wanafunzi.