Mwisho wa Kamba

Wahenga walisema elimu ni bahari. Neno hili hutajwa kwa kusifu wingi wa elimu, lakini lina onyo pia: apimaye bahari hana budi kutenga mambo mawili, mwisho wa kamba yake na mwisho wa bahari. Je, kuyachanganya ni kosa la akili tu, au ni kosa la adili vilevile?

Katika miaka ya 1841 na 1842 mwanachuoni Edward Forbes, akiwa katika marikebu ya Uingereza Beacon, alikokota wavu katika bahari ya Aegean. Kadiri wavu ulivyozidi kuteremka, ndivyo viumbe walivyozidi kuwa haba. Akakisia kuwa chini ya pima 300, yaani mita 550 hivi, uhai hukoma. Wavu haukusema uongo, kwani vilindi vya bahari ile vina viumbe wachache. Kosa lilikuwa kwa bahari moja kufanywa shahidi wa bahari zote.

Desemba 1872 manowari Challenger iliondoka Uingereza. Nahodha wake alikuwa George Nares, na mkuu wa wanachuoni wake Charles Wyville Thomson. Mizinga yake, isipokuwa miwili, ilikuwa imeondolewa ili maabara na vyombo vya elimu vipate nafasi: bildi na kamba ndefu mno, nyavu za kukokota, vipimajoto, chupa za kutekea maji ya vilindini, na injini ndogo ya mvuke ya kuvutia kamba. Hata iliporejea Mei 1876, ilikuwa imesimama kupima mahali 362, na nyavu zake zimeleta uhai kutoka chini sana ya mpaka wa Forbes. Viumbe 4,700 hivi wasiojulikana kabla wakapata majina.

Tarehe 23 Machi 1875, katika Pasifiki, bildi yake iligusa chini kwa pima 4,475, yaani mita 8,184. Vipimo vya baadaye katika pande zile vimefika karibu mita 10,900. Lakini Challenger haikuaibishwa na vipimo hivyo, maana iliandika mahali ilipopima na kina ilichopata. Aliyekuja nyuma aliweza kuongeza bila ya kukanusha.

Pengine mtu atasema kwamba pasipo kukisia hapana safari. Ni kweli, kisio la Forbes lenyewe liliwachochea wengine kushusha nyavu. Kukisia si dhambi. Dhambi huanza kisio linapogeuka ruhusa. Kati ya 1946 na 1993 mataifa kadhaa yalitupa baharini takataka zenye mionzi ya nyuklia. Mkono huwa mwepesi kutupa uchafu mahali ambapo ulimi umekwisha kupaita patupu.

Kwa hiyo kosa hilo ni la adili pia, kwa kuwa lina wa kudhulumiwa. Asemaye "sijafika" huacha mlango wazi. Asemaye "hakuna" huufunga, na huenda ndani wamo walio hai.