Mjenzi wa Hospitali na Sababu Isiyo Kweli

Twaulizana: mtu akitenda jema kwa sababu isiyo kweli, je, tumsifu, au tuseme amebahatisha tu?

Katika mji wa London alikuwako msanifu wa majengo, Henry Currey (1820–1900), naye ndiye aliyeichora hospitali ya St Thomas' kando ya mto Thames. Malkia Victoria aliweka jiwe la msingi mwaka 1868, akaifungua mwaka 1871. Currey hakujenga nyumba moja kubwa yenye vyumba vilivyosongamana. Alijenga nyumba saba katika mstari mmoja, zikiachana kwa nafasi, na ujia mrefu ukiziunganisha. Vyumba vya wagonjwa vilikuwa virefu, vyenye madirisha marefu pande zote mbili, na vitanda vikiwekwa baina ya dirisha na dirisha, ili upepo upite toka upande huu hata upande wa pili.

Shauri hilo alilitetea sana Florence Nightingale. Katika vita vya Krimea aliona askari wakifa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Lakini sababu waliyoishika ni ipi? Walidhani ugonjwa huzaliwa na hewa mbaya na harufu ya uchafu. Robert Koch alipotangaza kijidudu cha kifua kikuu, mwaka 1882, vyumba vile vilikwisha kupokea wagonjwa miaka zaidi ya kumi.

Basi madirisha yalifaa, maana kifua kikuu huambukiza kwa njia ya hewa, na hewa ikibadilishwa hatari hupungua. Ila hatusemi kwamba kosa lile halikuwa na gharama. Kipindupindu huja kwa maji, na dirisha halikizuii. Tena daktari aliyeutumainia upepo peke yake aliweza kutoka kwa maiti akamwendea mzazi bila kunawa mikono.

Kwa hiyo hatuwezi kumsifu mtu kwa nia njema tu, kwani nia njema huua pia. Twaona sifa yao i katika jambo lingine: Nightingale alihesabu wafu, akatenga waliokufa kwa jeraha na waliokufa kwa maradhi, naye Currey alikubali chumba kipimwe kwa faida ya mgonjwa, si kwa fahari ya ukuta. Anayehesabu hivyo aweza kukosolewa na hesabu yake mwenyewe.

Nyumba za upande wa kaskazini ziliharibiwa kwa mabomu ya vita kuanzia mwaka 1940. Baadhi ya zile za kusini zasimama hata leo.