Asiyeijua Njia Atamjuaje Kiongozi?

Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Mbele ya wapagazi alitangulia kirangozi na bendera yake, na kazi yake ilikuwa kuijua njia kwa niaba ya wote waliomfuata. Tajiri wa msafara aliweza kupima nguo zake na kuhesabu shanga zake; lakini ikiwa safari hiyo ilikuwa ya kwanza kwake, hakuwa na mizani ya kumpimia kirangozi. Angaliijua njia asingalimhitaji. Na maadamu hakuijua, alimchagua kwa kubahatisha.

Fumbo hili halikufa pamoja na misafara. Kijana wa Bagamoyo, Zinga au Kerege anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, ulio mlango mkubwa wa kuingilia chuo kikuu, hukutana nalo kila asimamapo mbele ya vitabu vya mwongozo. Vipo vilivyotungwa kwa uangalifu, vipo vijitabu vya maswali na majibu, na zipo karatasi zilizorudufiwa ambazo wanafunzi huziita madesa. Fedha aliyo nayo hutosha kimoja, au viwili kwa kujibana. Hutakiwa kuhukumu kitabu cha somo asilolijua bado. Na kama angalilijua, asingalikuwa na haja ya kukinunua.

Wengi hujitoa katika fumbo hili kwa kutegemea sifa. Fulani alikisoma kitabu hiki mwaka uliopita akafaulu. Basi hiki ndicho. Ushahidi wa namna hii una upungufu mkubwa. Aliyefaulu husimulia, aliyeanguka hunyamaza, na pengine wote wawili walisoma kitabu kimoja. Hata katika misafara, sifa za kirangozi zilitoka kwa waliorudi pwani salama. Waliozikwa njiani hawakuulizwa neno. Tena yamkini aliyefaulu alikuwa na mwalimu hodari na nyumba yenye taa na utulivu, kitabu kikapewa shukrani isiyo yake. Wahenga walikwisha kuonya: usisafirie nyota ya mwenzio.

Wengine hutegemea wepesi. Kitabu chembamba chenye majibu mafupi huvuta moyo wa mtu aliyebakiwa na majuma machache. Lakini wepesi ni sifa ya mzigo. Kiongozi hupimwa kwa jambo lingine.

Hata hivyo, hakuna mwanafunzi asiyejua kitu kabisa. Ipo sehemu ya somo, hata ikiwa ndogo, aliyofundishwa vyema akaielewa, na mizani yake imo humo. Na akifungue kitabu mahali hapo anapopajua, atazame kama kinasema kweli, na kama kinatoa sababu za kweli hiyo. Kiongozi apoteaye katika mtaa wa mwenyeji wake hawezi kuaminiwa nyikani.

Lipo na jaribio la pili. Wasafiri walioandika habari za misafara ile walieleza kwamba kirangozi alipofika penye njia panda aliiziba njia isiyofaa kwa kulaza matawi au kuchora mstari, ili walio nyuma wasipotee. Kitabu chema hufanya vivyo hivyo: huonyesha jibu lililo sawa, kisha huonyesha mahali ambapo akili hupotea, na kwa nini hupotea. Kitabu kisemacho tu kwamba vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani dhidi ya Wajerumani vilianza 1888 kimempa msomaji jibu moja. Kitabu kinachomwonya asiviite vita vya wafanyabiashara wa Kiarabu peke yao, kikamweleza jinsi watu wa namna nyingi wa pwani na bara walivyoshiriki, kila kundi kwa sababu zake, kimempa akili ya kujibu swali ambalo halijaulizwa bado.

Atasema mtu kwamba haya ni maneno ya walioshiba. Mtoto wa mvuvi ana nafasi moja. Mtihani hutoa alama kwa majibu, na kijitabu cha majibu huweza kumpitisha. Hoja hii ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Mitihani ya miaka iliyopita ina haki yake, kwa kuwa humjulisha nahodha umbo la bandari kabla hajaingia. Na lawama kubwa zaidi ni ya mtu anayeuza kitabu kibovu hali akijua kwamba mnunuzi hana uwezo wa kukipima. Kumpoteza asiyeijua njia ni dhambi. Kupotezwa ni msiba tu.

Lakini baada ya kuondoa lawama hiyo, limebaki deni la mwanafunzi mwenyewe. Azimio la Musoma la 1974 lilitilia shaka mtihani peke yake: lilitaka waingiao chuo kikuu wawe wamefanya kazi kwanza, na mwenendo wao kazini upimwe pia. Utaratibu ule ulilegezwa baadaye, ila swali lake halikulegea: kiti cha chuo ni cha nani? Wengi leo husoma kwa mkopo wa fedha za umma, kupitia Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Kila anayekikalia kiti hicho amekikalia badala ya mwingine, na kwa gharama ya watu asiowajua.

Watu hao watamngojea. Siku moja atafika Mlingotini au Saadani akiwa mwalimu, tabibu au mhandisi. Mama mwenye mtoto mgonjwa atamtazama usoni, naye hatakuwa na mizani ya kumpimia tabibu huyo. Angaliujua utabibu asingalimhitaji. Atamfuata kwa kuwa ametangulia na ameshika bendera. Kijana anayechagua kitabu leo akiwa hajui njia, anachagua pia ni kirangozi wa namna gani watakayempata wale ambao kesho hawatakuwa na namna ya kumchagua.